Mama Etagegn na Kiti cha Magurudumu

Asubuhi ile Mama alirudi nyumbani na begi lake. Ndege ilikuwa imemwacha.

Mimi ni Mulatu, mwanawe. Nilikuwa nimechoka, hata kusema sitaki. Mama alikaa kitandani, miguu imevimba. Mke wangu Zertihun alileta maji ya uvuguvugu, akaikanda polepole.

Dada yangu Tsige yuko Toronto, na mimba yake ilibakiza wiki mbili. Kwetu Addis Ababa, mwanamke akijifungua, mama yake ndiye humsongea genfo, ule ugali wa shayiri wenye siagi na pilipili. Tsige hana mtu mwingine kule. Mama asipofika, atajisongea mwenyewe.

Kosa lilikuwa langu. Niliogopa Mama akionekana anachechemea, watasema ni mgonjwa, wamzuie. Basi nilimwambia aache mkongojo nyumbani, atembee kama msichana. Njia ya kwenda kupanda ndege ni ndefu. Alipumzika mara tatu. Alipofika, mlango ulikuwa umefungwa.

Jioni jirani yetu Sintayehu alikuja kunywa kahawa, kama kawaida. Kazi yake ni kusukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege.

"Mama, si ulisafiri wewe?"

"Nilisafiri mpaka mlangoni," Mama alijibu.

Nilimweleza yote. Sintayehu alitikisa kichwa. "Mulatu, umemficha mama yako kama magendo! Sisi tuko pale kwa ajili ya watu kama yeye."

"Kiti ni cha wagonjwa," Mama alisema. "Nisukumwe kama gunia la nafaka ya teff, watu wananitazama? Sitaki."

"Mama, wengi ninaowasukuma si wagonjwa. Juzi nilimsukuma mzee ambaye bado analima. Kutembea anaweza, ila si mwendo wote ule."

"Na malipo?" Zertihun aliuliza.

"Hakuna. Ila msingoje siku ya safari. Pigieni simu shirika la ndege mapema, angalau siku mbili kabla. Semeni ukweli: anatembea kidogo, ngazi hawezi. Wataandika kwenye tiketi. Atachukuliwa pale anapokabidhi mizigo, afikishwe mpaka ndegeni. Akishuka kule, atakuta mwingine anamsubiri. Na mkongojo wake aende nao."

"Hawatanizuia?" Mama aliuliza.

"Kwa miguu kuuma tu? Hapana. Ungekuwa umetoka kupasuliwa, hapo wangetaka barua ya daktari."

Mama alimaliza kikombe cha tatu cha kahawa. Kisha akashusha pumzi.

"Haya, Mulatu. Piga simu. Aibu yangu haitamsongea Tsige genfo."

Nilipiga kesho yake. Walitubadilishia tiketi, wakaandika ombi letu. Jumamosi tulipofika, jina la Mama lilikuwepo. Binti mmoja alileta kiti. Mama alikikalia huku ameinamisha uso, mkongojo mapajani. Nilimtazama mpaka akapotea. Nilirudi nyumbani nikalala mchana kutwa.

Siku ya nne Tsige alijifungua mtoto wa kike. Alinitumia picha. Mama amesimama jikoni, mwiko mkononi, sufuria inafuka moshi. Mkongojo umeegemezwa ukutani.

Nilimpigia. "Mama, miguu vipi?"

"Niliiweka akiba njiani," alisema. "Sasa niache, genfo litaungua."