Kijiko Kimoja cha Prahok

Kang! Kang! Kang!

Sauti ya kijiko kikigonga bakuli la bati ilifika kabla ya mwenyewe, kama ilivyokuwa kila siku ya ibada. Chenda, aliyekuwa akitwanga mchaichai na manjano nyuma ya mkahawa wa mama yake, alikaza mkono kwenye mchi na kusonya.

"Huyo anakuja Kipara," alisema.

"Chenda!" Mama yake, Sophany, hakuinua macho kutoka kwenye boga alilokuwa akilimenya. "Mwite Bibi."

"Kwani kichwa hakijanyolewa, Mama? Nimedanganya nini?"

"Mdomo huo utakuja kutufungia mkahawa."

Bibi Yean alitokeza kwenye kona, amevaa nguo nyeupe, anatoka hekaluni. Alinyoa nywele siku alipomzika mumewe, na tangu hapo hakuziacha ziote. Aliketi kwenye meza yake ileile karibu na nguzo, akaweka bakuli lake mbele yake, maana hakuamini bakuli la mtu mwingine. Siku za ibada hakula kitu baada ya saa sita mchana, kwa hiyo alikuja na haraka zake na hasira zake pamoja.

"Mtoto! Mchuzi uko wapi? Au mnasubiri jua lipinduke nishinde na njaa?"

Chenda alichota mchuzi wa korko, wa papai bichi, boga, biringanya na mchele uliokaangwa ukasagwa. Chungu cha siku za ibada kilikuwa na jiko lake na upawa wake, mbali na vyungu vya samaki na nyama. Alipeleka bakuli kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa mbele ya wakubwa, ingawa moyoni aliona mikono miwili ni mingi mno kwa bibi huyo.

"Kuna samaki humu?"

"Hakuna, Bibi."

"Sema kwa sauti."

"Hakuna samaki, Bibi!"

Bibi Yean alikuwa na sababu ya kuuliza. Marehemu mumewe, Babu Nhem, alikuwa mtengenezaji wa prahok aliyesifika kuliko wote hapo mjini Battambang. Kila msimu alikanyaga vikapu kwa vikapu vya samaki wadogo, akawatia chumvi na kuwafunika mitungini mpaka wakawa uji mzito wenye harufu ya kuita majirani. Hakuna jiko mjini ambalo halikuwa na mtungi wake. Alipofariki, mjane wake aliweka nadhiri. Kwa siku mia moja hangekula chochote chenye damu, ili thawabu zake zimpunguzie mumewe mzigo wa samaki wale wote.

Bibi alionja. Akakunja uso.

"Mmewaosha ng'ombe miguu, maji mkaniletea mimi."

Wateja wawili walicheka. Masikio ya Chenda yalipata moto. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kama kuna kitu alichojivunia, ni ulimi wake jikoni. Hata mama yake humwita aonje kabla ya kupakua. Na sasa huyu hapa, mbele za watu!

Kesho yake shuleni, mjukuu wa Bibi Yean, msichana aitwaye Malis, alimngojea langoni pamoja na kundi lake. Wakaimba huku wakipiga makofi:

"Mchuzi wa Chenda, maji ya mtoni,
ukinywa bakuli, njaa i tumboni!"

Chenda alimrushia Malis daftari. Lilimkosa, likaangukia dimbwini, na kicheko kikaongezeka. Wiki nzima wimbo ule ulimfuata mpaka chooni.

Siku ya ibada iliyofuata, Chenda alikuwa peke yake jikoni. Mama yake alikuwa amekwenda sokoni kuongeza uyoga. Alionja chungu. Ni kweli, kilipwaya. Kilikosa kile kitu cha chini, kile kinachoushika mchuzi ukaganda ulimini. Macho yake yakahamia kwenye mtungi wa prahok kando ya ukuta.

"Prahok si samaki," alijiambia. "Ni kiungo tu, kama chumvi. Nani mji huu amewahi kusema leo nimekula samaki, kwa ajili ya kijiko cha prahok?"

Hakuna aliyewahi kusema hivyo. Hiyo ni kweli. Lakini kama prahok ilikuwa chumvi tu, mbona alichungulia mlangoni kabla ya kufunua mtungi? Alitia kijiko kimoja, akakoroga haraka, akafunika.

Kang! Kang! Kang!

Bibi Yean alionja mara moja. Safari hii hakukunja uso. Alilishika bakuli kwa mikono miwili, akalisogeza karibu na pua, akakaa hivyo muda mrefu.

"Kuna samaki humu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakuna, Bibi."

"Sema kwa sauti."

"Hakuna samaki, Bibi!" alisema Chenda, tena bila kupepesa.

Bibi alikula mpaka mwisho, akafuta bakuli kwa wali. Kisha alimwita Mama Sophany, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi na kapu lake.

"Jumamosi ijayo ni siku ya mia tangu mume wangu afariki. Wataalikwa watawa, majirani na jamaa, watu sitini. Nataka mchuzi huu huu, na mpishi awe mtoto huyu. Ukibadilika hata tone, nitaumwaga barabarani watu wakiona."

Mama Sophany alicheka kwa furaha mpaka kapu likamponyoka. Chenda naye alicheka. Alicheka mpaka jioni, alipokumbuka kwamba mchuzi ule hawezi kuupika bila kufunua ule mtungi.

Alijaribu. Jumapili aliongeza kitunguu saumu. Jumatatu akaongeza soya iliyochachushwa. Jumanne akaongeza kila kitu, na mama yake akatema.

"Unanifanyia nini, mwanangu? Siku ile ulitia nini?"

"Nilichotia siku zote."

"Basi tia nilichoagiza, uache kunipotezea maboga."

Jumatano Malis alimsimamisha nyuma ya darasa, peke yake, bila kundi lake. Chenda alikunja ngumi.

"Kama ni wimbo, imba nikuvunje meno."

"Sikuja kuimba." Malis alitazama pembeni. "Bibi yangu alikula nini kwenu?"

"Kwa nini?"

"Tangu Babu afariki hajacheka hata mara moja. Ananifokea mimi, anafokea kuku, anafokea ngazi. Sasa anakaa mbele ya picha ya Babu anaongea naye. Anamwambia, 'Umekuja kunitazama. Nilikunusa kwenye bakuli.' Halafu anacheka." Malis alichora mavumbini kwa kidole cha mguu. "Sikupendi, Chenda. Una majivuno. Lakini asante."

Akaondoka. Afadhali angempiga. Chenda alibaki ameegemea ukuta.

Alipofika nyumbani hakuvua hata sare. Alimkuta mama yake akikaanga mchele, akamweleza yote kwa pumzi moja, tangu mtungi hadi kucheka kwa Bibi. Mama Sophany aliacha kukoroga. Mchele ukaanza kuungua, na hakuuondoa jikoni.

"Na uliulizwa mara mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Ukajibu mara mbili." Alizima moto, akanawa mikono. "Twende."

"Nitakwenda kesho, Mama. Naomba."

"Samaki ukimlaza na chumvi, anakuwa prahok. Uongo hauna chumvi. Ukilala unaoza. Tangulia!"

Nyumba ya Bibi Yean ilisimama juu ya nguzo za mbao, na ngazi zake zilikuwa kumi na moja. Chenda alizihesabu zote. Bibi alikuwa sakafuni mbele ya picha ya Babu Nhem, na Malis alikuwa akichambua mchele kando yake.

"Umekuja kuniuliza juu ya Jumamosi?" alisema Bibi. Kwa mara ya kwanza alikuwa na uso mwema, na hilo ndilo lililoumiza zaidi.

Chenda alipiga magoti. "Bibi, mchuzi ule ulikuwa na prahok. Kijiko kimoja. Nilitia mimi. Mama hakujua."

Kuku walipekua chini ya sakafu.

"Mtungi wa nani?" aliuliza Bibi.

"Wa Babu Nhem."

Malis aliruka, mchele ukatawanyika. "Mwongo we! Nitakun..."

"Kaa chini, Malis!" Bibi Yean alilinyakua bakuli lake la bati, akalitupa nje ya mlango. Lilishuka ngazi moja moja, kang, kang, kang, mpaka chini.

"Miaka arobaini nimelala na harufu ya prahok," alisema. "Miaka arobaini! Unadhani pua yangu haikuniambia? Iliniambia mara moja tu nilipoonja. Ndipo nikakuuliza. Ukasema hakuna. Nikaikemea pua yangu. Nikasema, mtoto amesema kwa sauti, watu wamesikia, basi hii si prahok, huyu ni mume wangu amekuja." Alimnyooshea kidole. "Niliamini neno lako kuliko pua yangu mwenyewe. Umenilisha samaki yuleyule ninayefunga kwa ajili yake, ukaniacha nikimshukuru marehemu. Ondoka mbele yangu!"

"Bibi, nisamehe. Nilidhani ni kiungo tu."

"Kiungo hakifichwi. Ungedhani ni kiungo, ungekitaja."

Mama Sophany hakumtetea. Alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa. Chenda alishuka zile ngazi kumi na moja, akaokota bakuli kwenye mavumbi. Lilikuwa limebonyea ubavuni. Alilisuuza kwenye mtungi wa maji, akalifuta kwa sketi yake, akapanda tena na kulitoa kwa mikono miwili. Safari hii mikono miwili haikuwa mingi.

Bibi hakulipokea. Chenda hakuondoka. Mikono ilianza kumuuma, kisha mabega, naye akabaki vilevile, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Mwishowe Bibi alilinyakua kama anayepokonya.

"Siku ya mia haiahirishwi. Watawa wameshaalikwa. Utapika, tena kweupe, uani kwangu. Na huyu," alimwonyesha Malis kwa kidevu, "atakaa kando ya chungu."

Jumamosi alfajiri Malis aliketi kwenye kigoda karibu na jiko, mikono kifuani, kama askari wa mpakani.

"Hicho nini?"

"Chumvi."

"Onja."

Chenda akaonja.

"Na hicho?"

"Uyoga, umechomwa kwenye makaa. Mama kanifundisha."

"Onja."

"Nimeshaonja!"

"Onja tena. Na hicho kinachoelea?"

"Jani la ndimu, Malis! Unataka nikuonjeshe na kuni?"

"Kuni hazidanganyi," alisema Malis, na mdomo wake ukacheza kidogo, akaukaza upesi.

Hakukuwa na njia ya mkato. Soya ilisagwa pole pole, mchele ukakaangwa mpaka ukawa na rangi ya asali, boga likaachwa liyeyuke lenyewe. Kijiko kimoja cha prahok kingemaliza kazi kwa pumzi moja; bila hicho, ilichukua saa nne. Watawa walikula kwanza, kisha wageni. Chungu kilirudi kitupu, lakini Chenda hakutazama chungu. Alimtazama Bibi Yean, aliyeketi na bakuli lake lililobonyea.

"Kuna samaki humu?" aliuliza Bibi mbele ya watu wote.

"Hakuna, Bibi. Kuna boga, papai, biringanya, fenesi bichi, uyoga, soya, mchele, mchaichai, manjano, kitunguu saumu, jani la ndimu, chumvi. Na sukari kidogo."

Bibi alionja.

"Ule wa siku ile ulikuwa mtamu zaidi," alisema. "Sitadanganya. Uongo wako umetosha." Kisha akachota tena, akameza. "Lakini huu unapita kooni."

Wageni walipoanza kuondoka, alimwita Chenda karibu. Uso wake bado ulikuwa mgumu.

"Sikiliza, mtoto. Anayekula haoni ndani ya chungu. Anaona uso wa mpishi tu, na anasikia neno lake. Mimi nafunga, mwingine samaki humvimbisha mwili, mwingine ni mgonjwa. Wote tunameza neno lako kwanza, ndipo tunameza mchuzi. Ukiharibu mchuzi, utapika mwingine. Neno likiharibika, nani atakaa mezani kwako?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Na mimi naanza tena moja. Siku mia nyingine, na magoti haya."

"Nitazihesabu pamoja nawe," alisema Chenda.

"Nani amekuita?"

"Hakuna aliyeniita, Bibi."

Bibi Yean akageuza kidevu kuelekea kwenye picha. "Usiniambie mimi. Mwambie mwenyewe, anayekudai ni yeye."

Chenda alipiga magoti mbele ya picha ya Babu Nhem, akaunganisha viganja kifuani. Malis alikuja akasimama nyuma yake.

"Babu Nhem, mimi ni Chenda, binti wa Sophany. Siku mia kuanzia leo, sitakula chochote chenye damu. Na yeyote atakayeniuliza kilichomo chunguni, nitamwambia."

"Kwa sauti," alisema Bibi. "Masikio yake yalikuwa mazito."

Chenda akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka mbwa waliolala chini ya nyumba wakainuka:

"Nitasema kilichomo, Babu! Hata kikiniaibisha, nitakisema!"