Abiria wa Karoti

Kiti cha mbele kilikuwa kimeinama tena. Hii ilikuwa siku ya tatu mfululizo Waliaula, fundi wa kupaka magari rangi, kufungua gereji yake pale Nyalenda na kukikuta kimelazwa vile, jinsi kinavyolazwa ili mtu wa nyuma ashuke. Alikirudisha, akalaumu paka.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiitaliano, la milango miwili tu, lenye umri unaomzidi yeye mwenyewe. Alilinunua bovu kule Awasi, akalinyoosha bodi mwaka mzima, akalipaka rangi ya machungwa kali hadi vijana wakaliita Karoti. Alilipenda kupita kiasi, semeni msemavyo. Jumamosi lingempeleka Nanyama, bintiye wa pekee, kanisani kuolewa.

Siku ya nne kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa chapachapa, kinanuka matope na magugu ya ziwani. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Mama Frankline, aliyeuza uji mlangoni pa gereji, alichungulia ndani, akashusha sauti.

"Baba Nanyama, hii gari si ndiyo iliingia kwa maji huko Kendu Bay? Wakati huo ilikuwa nyeupe, mimi nikiwa msichana. Nyuma kulikuwa na bibi harusi, Aloo. Wale wa mbele walitoka. Yeye, hakuna mtu alimkunjia kiti."

"Sasa?"

"Watu wao walichukua mwili tu, wakazika Katito. Hakuna mtu alikuja kwa gari kumuita jina, amwambie twende nyumbani. Bado anangoja. Wacha niite ndugu zake, watakuja Jumatatu. Mpaka hapo usikunjie mtu hiyo kiti. Nakuomba."

"Harusi ni Jumamosi, Mama."

"Si utumie gari ingine!"

Waliaula alicheka. Mkristo mzima aogope kiti! Lakini aliogopa, tena sana. Ila sikio la kufa halisikii dawa, na rangi ile alikuwa ameipaka kwa ajili ya Nanyama.

Jumamosi aliliendesha mwenyewe, bintiye peke yake nyuma. Saa nne asubuhi Karoti lilisimama mbele ya kanisa na riboni zake, vigelegele vikapaa, na Waliaula, ambaye njia nzima alinusa matope akajiambia ni maua, akafungua mlango, akakunja kiti, akanyoosha mkono.

"Shuka, mama, tumefika."

Mkono ukashika wake. Ulikuwa wa baridi, umelowa. Bibi harusi akashuka, shela imemfunika uso, mlango ukajifunga nyuma yao, kwaya ikaanza kuimba, na Waliaula akatembea naye hatua tatu, nne, tano, akijipa moyo kwamba ni woga wa harusi tu uliompoza mtoto, huku maji yakidondoka kwenye pindo la gauni na kulowesha zulia, mpaka aliposikia kioo cha gari kinagongwa kwa viganja viwili, na sauti ya Nanyama, ndogo, kama ya mtu aliye chini ya maji.

"Baba! Baba, mimi bado niko ndani!"

Alitaka kugeuka. Vidole vile vya baridi vikambana mkono, na shela ikasogea karibu na sikio lake.

"Twende, Baba," ikanong'ona. "Yeye pia atazoea."