Mama Yuko Kazini

Likizo ya Juni ilikuwa imeanza. Kila asubuhi, kijijini Nyakitonto, Ange aliamka, akafagia uwanja, akaosha sufuria iliyoganda ukoko wa ugali wa muhogo, kisha akampelekea mama yake uji wa ulezi chumba cha nyuma. Huko ndiko kulikokuwa na cherehani. Consolée, mama yake, aliketi hapo tangu mapema, mkanda wa kupimia shingoni, mguu kwenye pedali, akishona sketi za sare za shule. Zilikuwa zimebaki ishirini, na mwisho ulikuwa Ijumaa. Akimaliza, kamati ya shule ingempa na kazi ya mashati. Akichelewa, yote yangekwenda kwa fundi wa Kasulu mjini.

Tatizo lilikuwa watu. Fundi mwenye kibanda sokoni huonekana yuko kazini. Lakini mwanamke aliye nyumbani kwake, nani atasema anafanya kazi? Huyu alileta mtoto wa kuangaliwa, yule alianika mahindi na kusema, "Mama Ange, si upo tu? Nifukuzie kuku." Na kwao mgeni hapiti hivihivi. Atatandikiwa mkeka, ataulizwa habari za shamba, za mgonjwa, hata za mbuzi, na haondoki kabla hajatia kitu mdomoni. Mwenyeji naye sharti aketi mpaka mgeni amalize. Jumatatu nzima Consolée alishona sketi mbili tu.

Ange alikuwa na miaka kumi na miwili na kichwa kigumu. "Safari hii watanikoma," alijisemea.

Jumanne alichukua kigoda, akakaa kwenye mlango wa wigo akichambua maharage. Jirani yao Pelagia akatokea, mtoto mgongoni.

"Amahoro, Ange. Mama yupo?"

"Hayupo. Amekwenda Kasulu."

"Kasulu? Mbona hakuniaga?"

"Aliondoka haraka."

Pelagia aliguna, akarudi alikotoka. Ange akaona kumbe ni rahisi! Siku hiyo aliwarudisha watu watano, Jumatano wanne. Ndani, sketi zilizidi kurundikana kitandani. Lakini Jumatano jioni alimkuta mama yake ameshika bakuli la maharage bila kula.

"Mwanangu, nimemkosea nani? Siku mbili hata Pelagia hajakanyaga hapa. Mgongo unauma, na sina hata wa kucheka naye."

Ange alitazama chini. Akaanza kukunja sketi.

Alhamisi alikuja Mwalimu Reverien, msimamizi wa sare hizo, ameleta mfuko wa zipu zilizopungua. Ulimi wa Ange ulikuwa umekwisha kuzoea.

"Shikamoo, mwalimu. Mama hayupo. Yuko Kasulu tangu juzi."

"Tangu juzi! Na kesho ndiyo mwisho?" Mwalimu alivua kofia, akajikuna kichwa. "Basi zipu hizi nazipeleka kwa fundi wa mjini. Gari bado halijapita."

Akageuka akaenda zake. Ange alibaki na harage mkononi. Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyesikia. Lakini alikumbuka mgongo wa mama yake, akatupa ungo chini, akakimbia mpaka barabarani.

"Mwalimu, nimedanganya! Mama yupo. Amebakiza sketi sita tu."

"Unamficha mama yako? Kwa nini?"

Waliokuwa wakingoja gari waligeuka. Ange hakuinamisha uso.

"Kwa sababu mkimkuta nyumbani mnasema hana kazi! Hata wewe mwalimu, samahani, wiki iliyopita ulimwachia pikipiki yako ailinde kutwa nzima!"

Mtu mmoja alicheka. Mwalimu alikohoa, kisha naye akacheka. "Hapo umenipata. Haya, tangulia."

Consolée alipoelezwa, hakucheka hata kidogo. Alipokea zipu, akamshukuru mwalimu, kisha akamshika Ange mkono mpaka kwa Pelagia, akaombe radhi.

"Kwa hiyo mimi ni wa kufichwa?" Pelagia aliwaka.

"Wewe ni wa kuambiwa," Consolée alijibu. "Sikia basi. Asubuhi mpaka saa nane mchana, niko kazini."

"Kazini wapi, mama weye? Na kandambili miguuni!"

"Ndizo zinazokanyaga pedali. Ukinikuta nashona, hata uje na mgeni kutoka Kibondo, sitandiki mkeka. Ukitaka, nuna."

Pelagia alifyonya. "Na saa nane?"

"Saa nane nafunika cherehani. Njoo basi tucheke. Nimekukosa siku hizi, jamani."

Pelagia alijaribu kununa, akashindwa.

Ijumaa sketi zote zilifika shuleni, na kazi ya mashati ikaja. Wapo walionong'ona kwamba Consolée anaringa. Aliwasikia, akaendelea kukanyaga pedali. Saa nane ilipofika, aliosha uso, akamwita Ange akae karibu naye.

"Ulitaka kunisaidia, najua. Lakini ulipowaambia sipo, na wewe uliifanya kazi yangu kuwa kitu cha kuficha. Anayefanyia kazi nyumbani aseme wazi saa zake, azishike. Kisha aiache kazi akae na watu, asije akachakaa kwa upweke. Umenielewa?"

"Ego, nimeelewa, mama. Na wakinuna?"

"Wanune," alisema Consolée. "Ila usiwadanganye."