Shati la Mbeba Mwezi

Saa 5:30 asubuhi

"Bawaba tatu," Zamda alisema. "Mlango wa nyuma umeliwa na mchwa. Bisibisi inatosha."

Alikuwa amechora duka la Rashidi kwa chaki kwenye sakafu ya stoo yake, Isevya, katikati ya magunia ya midoli ya mtumba anayouza. Nasri, dereva wa bajaji, alikalia gunia moja akitafuna kucha. Doto alisimama. Tangu juzi hakuwa na raha ya kukaa.

"Rashidi anafunga saa sita na nusu, anakwenda msikitini. Harudi kabla ya saa saba na nusu."

"Ijumaa yote hii, mimi naiba doli," Nasri alinung'unika.

"Sanamu," Doto alisema. Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo, na alikuwa amechoka kumsahihisha.

Lakini tusimlaumu Nasri. Doto Zablon, mwanamume wa miaka thelathini na minne, fundi redio, alikuwa anakwenda kuvunja duka kwa ajili ya kisanamu cha plastiki kinachoenea kiganjani. Mbeba Mwezi, shujaa wa jarida la katuni ambalo yeye na watoto wenzake waliligombania utotoni: mpagazi aliyetembea kutoka Tabora hadi pwani, mwezi kichwani, kifua wazi. Jarida lilikufa zamani. Visanamu vyake viko kumi na viwili, na wapo watu wazima wasiolala kwa ajili yavyo. Doto anavyo kumi na kimoja. Cha kumi na mbili kilikuwa chake. Alipokuwa darasa la sita alimpa Rashidi, akapewa pampu ya baiskeli. Pampu ilikufa mwezi huohuo.

Pampu angeisamehe. Ila kabla ya ujinga ule, baba yake, fundi cherehani, alikuwa amemshonea Mbeba Mwezi shati la kaki, lenye mfuko na kifungo cha ushanga. Sasa baba hayupo. Suruali na sare zote alizoshona zimechakaa miilini mwa watu. Limebaki shati lile, kwenye kabati la kioo la Rashidi. Doto alikwenda kumwomba mara saba. Kila mara Rashidi alimnywesha chai, akamwonyesha kabati, akacheka.

"Visanamu vingine vyote vya kabatini vyenu," Doto alisema. "Mbeba Mwezi wangu."

"Ungemvua hilo shati, wakusanyaji wa Dar wangemgombania," Zamda alisema. "Wao wanamtaka kama alivyotoka kiwandani."

"Shati halivuliwi."

"Nasema tu, mdogo wangu."

Saa 6:48 mchana

Kichochoro cha nyuma ya duka, Gongoni. Bawaba ya kwanza ilitoka kama jino bovu. Ya pili iligoma. Bisibisi ikateleza, ikamchana Doto kidole. Nasri, kwa woga, akapiga honi. Doto alitamani kurudi akamtie kibao.

Saa 7:02

Ndani. Kabati halikuwa hata na kufuli. Mbeba Mwezi alisimama katikati, mwezi mweupe kichwani, mdogo kama punje ya hindi. Mabega ya shati yalikuwa na vumbi. Miaka yote ile, na Rashidi hakuwahi hata kulipangusa. Hasira ilimpanda Doto mpaka machozi yakamlenga. Alimfunga kwenye leso, akasomba vingine kwenye mfuko, akatoka.

Saa 7:14

Zamda aliifungua leso mapajani, ndani ya bajaji.

"Mwezi haupo."

"Ulikuwepo."

"Tazama mwenyewe."

Kichwa kitupu. Mwizi yeyote mwenye akili angesema twende. Lakini Doto alikuwa mkusanyaji kabla hajawa mwizi, na mkusanyaji haondoki na kitu pungufu.

"Dakika mbili," alisema.

"Nenda. Tunakungoja."

Saa 7:17

Alipiga magoti, simu ikimulika. Duka la vipuri vya baiskeli. Chini ya kabati kulijaa gololi. Kila kitu kidogo cha mviringo alichokishika kilikuwa gololi. Alitukana kimoyomoyo, akaendelea kupapasa.

Bajaji iliwaka. Anaigeuza, Doto alijiambia. Mlio ukaenda mbali, ukaisha. Ndipo alipoukumbuka mkono wa kushoto wa Zamda, uliokuwa umefumbwa muda wote ule. Mwezi ulikuwa humo.

Hata hivyo hakuinuka. Huenda amekosea. Huenda uko pale, nyuma ya mguu wa kabati.

Saa 7:31

"Doto bwana." Rashidi alikuwa mlangoni na kanzu yake, na mafundi baiskeli wawili nyuma yake. "Kwani pampu haikukutosha?"

Walimtoa wamemshika kiuno cha suruali. Pale bajaji ilipokuwa imesimama, kwenye alama ya tairi, kulikuwa na kitu cha kaki. Mfuko. Kifungo cha ushanga. Zamda alikuwa amemvua Mbeba Mwezi shati palepale na kulitupa.

Lilikuwa hapo dakika kumi na nne. Hatua sita kutoka mlangoni. Angetoka tu aliposikia bajaji ikiondoka, angeliokota, angekwenda zake nyumbani. Doto aliinama kwa nguvu zake zote, akalidaka.

Saa 8:10

"Hicho nini?" afande aliuliza kituoni.

"Kitambaa tu," Rashidi alisema. "Tupa. Mimi nataka sanamu langu."

"Shati," Doto alisema. "Alishona baba."

"Hakitupwi kitu hapa. Hiki kielelezo."

Afande alilichukua kwa vidole viwili, akalitia kwenye bahasha. Doto aliomba alishike mara moja tu. Afande alikuwa ameshalamba gundi.