Nguzo Iliyomfuata Mgeni

Mgeni njoo, mwenyeji augue. Ndivyo alivyosema Bibi Scolastica siku aliyoiona nguzo mpya barabarani, na mjukuu wake Levina, aliyekuwa darasa la sita, akadhani bibi amekosea methali. Hakukosea.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1996, mvua za kwanza zikianza kulainisha ardhi. Kila asubuhi Levina alifagia uwanja, akachota maji, kisha akapita kwa dada yake Edna kumbeba mtoto kidogo kabla ya kwenda shule. Kijiji chao kilikuwa kando ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, mbele kidogo ya Mkula. Chini ya barabara ni mashamba ya mpunga. Juu yake ardhi inapanda taratibu kuelekea milimani.

Mwaka ule kijiji kiliamua kuweka alama ya kukumbuka mafuriko makubwa ya zamani, ambayo Bibi Scolastica aliyaona akiwa bi harusi. Maji yale yalipanda mpaka kwenye mkwaju, mbali juu ya barabara ya leo, na babu akafunga mtumbwi wake kwenye shina lake. Lakini mkwaju uko mahali pasipofika gari, na mgeni wa heshima wa kuizindua alama alikuwa afisa utamaduni kutoka Ifakara. Kamati iliona haya kumpandisha mtu kama yule kwenye matope. Basi nguzo ya saruji ikajengwa barabarani, ikaandikwa: MAFURIKO YALIFIKA HAPA. Mgeni angeisoma bila kushuka kwenye Landrova. Wenyeji walicheka tu, wao walijua.

Shemeji Valentino hakujua. Alikuwa mtu wa Lupiro aliyemfuata Edna huku, na alipoisoma nguzo alifurahi. Alichagua kiwanja juu yake kidogo, akaanza kuchimba msingi. Jioni moja Levina alimpelekea chai akakuta sululu imefukua mchanga wa mto na makombe ya konokono wa majini. Valentino alikuwa akipiga mluzi, akamwonyesha mahali kitakapokaa kitanda cha mtoto. Levina akamweleza habari za mkwaju.

"Shemeji," Valentino alicheka, "wewe unajua kuliko saruji?"

Levina alifunga makombe matatu kwenye kona ya khanga, akaenda kwa Mwalimu Ponsiano, aliyemchagua kusoma maandishi ya nguzo mbele ya mgeni. Mwalimu alijikuna kichwa. Alikiri kwamba ni kweli, ila mgeni haaibishwi. Akishaondoka, wataona la kufanya. Levina alirudi nyumbani akiwaza kwamba mgeni ataondoka, lakini nguzo itabaki, na mtoto wa Edna atalala chini ya maji ya kesho.

Siku ya sherehe ngoma zililia tangu asubuhi. Wali na kuku vilinukia mpaka mbwa wakakosa adabu. Mwenyekiti, Mzee Polikarpo, alivaa koti zito akatoka jasho kwa heshima. Levina alisimama kando ya nguzo, akamwamkia mgeni, akaanza kusoma. Alipofika kwenye neno "yalifika" aliacha kusoma, akafungua kiganja chenye yale makombe.

"Hayakufika hapa. Hapa yalipita. Yalifika kwenye mkwaju ule, na shemeji yangu anajenga nyumba katikati."

Valentino aliweka chini chupa yake ya soda. Mgeni aliyatazama makombe, akawauliza wazee, nao wakaitikia kwa vichwa mmoja baada ya mwingine, macho chini. Kisha afisa yule akakunja suruali yake akauliza njia.

Kijiji kizima kilimfuata kupanda, ngoma na watoto na sufuria moja ambayo hakuna aliyejua nani ameibeba. Kwenye mfereji mgeni aliteleza akakaa kwenye tope, akacheka mpaka akashindwa kuinuka. Chini ya mkwaju walikubaliana nguzo ijengwe pale, na barabarani uwekwe mshale tu. Valentino tayari alikuwa amewakusanya vijana wamsaidie kuhamisha matofali, nao wakatunga wimbo wa kumcheka mtu aliyeamini saruji. Aliuimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bibi Scolastica aliligusa shina la mkwaju. "Tulimwonea mgeni haya, tukamsahau anayekuja kukaa," alisema. "Historia haisogezwi imfuate mgeni. Mgeni ndiye anayepelekwa ilipo. Ukiisogeza, atakayeumia ni mtoto wako mwenyewe."

Wazee waliguna kukubali. Lakini Mzee Polikarpo bado alikuwa akiitazama suruali ya mgeni, jinsi ilivyodondosha tope. Akamgeukia Levina, akamwambia amwombe mgeni radhi kwanza, ndipo watu waanze kula.

Levina naye aliitazama ile suruali.

"Pole ya matope nampa, mzee. Radhi siombi."