Maji ya Kijani Uani kwa Radoy

Nitakuambia, lakini kwanza uape. Weka mkono juu ya mkate, sema: mdomo wangu kaburi. Haya. Mimi mwenyewe, kama mtaa wetu wote, nilimwapia bibi Kera kwamba siri hii nitazikwa nayo, na nimekaa nayo tangu Pasaka mpaka leo asubuhi. Kwa mwanamke kama mimi, hiyo si kidogo.

Asubuhi mambo haya yalipoanza ilikuwa ya kawaida. Radoy, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikunywa kahawa, akawamwagia kuku mahindi, akatoka kuwasha gari. Jua limeshapanda juu ya misonobari. Chini ya gari, mpaka nyuma ya magurudumu, ardhi ilikuwa imelowa.

Hakushtuka. Akavua kofia.

"Asante, Ginka," akanong'ona.

Ginka alikuwa mkewe. Kwetu huku milima ya Rodopi msafiri humwagiwa maji njiani, safari yake iteremke kama maji. Na mmwagaji wa mtaa mzima alikuwa Ginka. Hata mtu akienda kununua chumvi, yeye huyo na jagi. Siku alipopelekwa yeye mwenyewe hospitali, ng'ambo ya mlima, kupasuliwa moyo, hakuna aliyekumbuka kumwagia. Alirudi ndani ya sanduku. Karatasi ya tanzia yenye picha yake bado imebandikwa langoni. Mvua imemla shavu moja.

Sasa binti yao Iskra alikuwa ameurithi moyo uleule. Madaktari walisema apasuliwe mapema, la sivyo hataona mavuno ya viazi. Ndiyo maana dimbwi lile lilimfariji Radoy: mama anamfungulia mwanawe njia. Wanawake wote tulisema hivyo, tukapiga ishara ya msalaba. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Safari ya kwanza gari lilichemsha kwenye kona za juu za mlima. Boneti ikafuka moshi, wakarudi wakivutwa na trekta. Safari ya pili, vilevile, na Iskra midomo imekuwa rangi ya zambarau. Daktari akampa nafasi nyingine. Akasema ni ya mwisho.

Radoy akamwita Penko, fundi wetu, mtu wa mdomo mchafu na masikio yasikiayo bolti ikilegea kijiji cha pili. Penko akachovya kidole dimbwini, akanusa, akatema mate.

"Hiki ndicho mnachokipigia misalaba? Hii kulanti, mzee, maji ya kupozea injini! Siku hizi marehemu wananunua kulanti?"

"Funga mdomo, Penko."

"Mdomo nitafunga. Rejeta je?"

Akaanza kutafuta. Akabonyeza mipira yote, akakaza klipu. Akapapasa pampu ya maji: kavu. Akapekua zulia chini ya dashibodi, hakuna unyevu. Akavuta stiki ya oili. Oili nyeusi safi, haijachanganyika na maji. Moshi wa ekzosi haukuwa mweupe. Mwisho akafunga pampu ya kupimia presha kwenye mdomo wa rejeta, akajaza upepo, akakaa kitako kuitazama. Mshale haukushuka.

"Gari hili halivuji," akasema. Safari hii hakutania.

"Sasa maji yanakwenda wapi?"

Penko akaingia chini. Kitakoni mwa rejeta kuna nati ya kumwagia maji. Ilikuwa imekazwa sawasawa. Lakini rejeta nzima imeota kutu, na nati ile peke yake inang'aa, kama kitasa cha mlango kinachoshikwa kila siku.

"Radoy," akanong'ona. "Kuna mkono hapa. Unafungua, kisha unafunga."

Siku hiyohiyo paka wangu walikutwa wamekufa kando ya dimbwi. Kulanti ni tamu. Ndimi zao zilikuwa za kijani.

Ikafika asubuhi ya safari ya mwisho. Mtaa mzima tulikuja kumuaga Iskra. Kwa shauri la Penko tuliingia wote ndani kula banitsa, mkate wetu wa jibini, gari likaachwa peke yake uani. Penko mwenyewe akajibanza nyuma ya kuni.

Hatujameza tonge la pili, akapiga mluzi.

Tukatoka mbio. Miguu miwili ilichomoza chini ya gari. Soksi nyeusi za sufu. Penko akavuta, akatoka bibi Kera, mama yake Ginka, bakuli mkononi, mikono inachuruzika kijani mpaka viwikoni.

"Mama mkwe!" Sauti ya Radoy ilikatika. "Unamuua mjukuu wako?"

Bibi akaweka bakuli chini.

"Spana iko wapi?" Penko akauliza.

"Spana gani, mwanangu?" Akainua vidole vyake, vimepinda kama tangawizi. "Hivi havifungui hata chupa ya achari. Mimi nakinga tu. Paka wasife zaidi."

"Basi anafungua nani?"

Bibi akamtazama Iskra.

"Mlidhani Ginka wangu anawatakia safari njema," akanong'ona. "Anawazuia. Hataki mtoto aingie hospitali ile alikotoka yeye ndani ya sanduku."

Penko akacheka, kicheko kibaya. Akachukua spana yake kubwa, akalala chini, akakaza nati mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akasimama.

"Haya. Aje."

Kuku wakaacha kuparua. Bibi Kera nilikuwa nimemshika mimi, mikono yote miwili.

Tone.

Tone jingine.

Tukainama sote. Nati ilikuwa inazunguka. Polepole. Hakuna mkono.

Radoy akapiga magoti. Ni Iskra aliyelala kifudifudi, shavu kwenye tope la kijani, akaingiza kichwa chini ya gari.

"Mama," akanong'ona. "Tumekuona. Wote tumekuona."

Nati ikasimama.

"Ukinizuia, nitafia hapahapa mikononi mwako. Niache niende."

Kisha chuma kikalia, kwii. Nati ikarudi nyuma. Ikajikaza yenyewe.

Penko akajazia maji, wakaenda. Mshale wa joto haukupanda hata kwenye kona za juu. Iskra yuko hai. Juzi amekataa posa ya mpwa wangu, mjinga yule. Lakini nati ile haifunguki tena. Penko amevunjia spana zake pale, akaacha. Na ukilala chini ya gari mchana, jua likiingia, utaona kwenye kile chuma alama ya kidole gumba, imezama kama kwenye unga uliokandwa.

Ni gumba dogo. La mwanamke.