Daktari wa Nini?

Ndugu zangu, nyumba ya Leonsia pale Ntobeye ilikuwa nyumba ya kutamaniwa. Migomba ilifika karibu na ukuta, ua ulifagiliwa kabla jua halijawa kali, na mwenye nyumba, mama mjane aliyependa kuimba, aliketi mkekani akichambua maharage. Ulikuwa mwaka 1994. Kule Kasulo wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wamejaa hadi vilima vimegeuka rangi ya maturubai. Lakini uani kwa Leonsia kulikuwa na furaha, kwa sababu mwanawe wa pekee, Anatory, alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu.

Alirudi na sanduku. Ndani yake mlikuwa na mashine yenye waya nne, iliyotumia betri ya gari, na hiyo mashine ndiyo iliyoleta maneno kijijini.

"Mwanao anasomea nini hasa?" Restituta alimwuliza Leonsia. Huyu Restituta alikuwa jirani yake na rafiki yake tangu walipoolewa wote katika kilima kile.

"Anasomea mwili," Leonsia alijibu.

"Mwili wa nani?"

"Wa binadamu. Jinsi unavyofanya kazi."

"Basi si ni daktari, mwenzangu! Unazunguka nini?"

Kusema kweli Leonsia hakujua. Mwanawe alikuwa amemweleza jioni moja kwamba anatafuta shahada ya pili katika fiziolojia na biofizikia, kwamba mwili umejaa maji yenye chumvi, na kwamba umeme mdogo usiosikika ukipitishwa kutoka mkononi hadi mguuni unaweza kuonyesha maji hayo ni kiasi gani. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na hakuelewa kitu. Neno daktari, hilo alilielewa, tena lilikuwa tamu mdomoni.

"Ndiyo," alisema. "Ni daktari."

Naye Anatory? Hapo ndipo ninapomlaumu. Watu walipoanza kumwita daktari, mara ya kwanza alicheka na kusema, "Bado mimi ni mwanafunzi." Wakadhani ni unyenyekevu. Mara ya pili hakusema kitu. Utafiti wake ulihitaji watu wengi wa kupimwa, na watu walikuwa wakija wenyewe, wakilala mkekani, wakifungwa waya na kuondoka wameridhika. Wengine waliapa kwamba mgongo umepona. Aliona akisema sana watakimbia, basi akafunga mdomo.

Wiki moja Leonsia na Restituta walikwenda Kasulo kwenye msiba. Njia nzima magari ya misaada yaliwatimulia vumbi, na waliporudi, kiu ikiwa imewakaba, walikunywa maji kwenye kijito kilichopita chini ya kambi ya wakimbizi. Alfajiri iliyofuata wote wawili walikuwa wanakwenda chooni na kurudi, wanakwenda na kurudi, na kilichotoka kilikuwa maji matupu.

Asubuhi hiyohiyo gari la huduma ya afya lilipita barabarani na kipaza sauti. "Mwenye kuhara apande! Raia na mkimbizi, apande! Hakuna malipo!" Akina mama hao walikuwa wamekutana pale njiani, kila mmoja ameshika tumbo. Mhudumu aliteremka, akawatazama.

"Shikamooni. Mama zangu, mnaumwa?"

"Marahaba. Tunaye daktari nyumbani," alisema Leonsia.

"Ana dawa? Ana dripu?"

"Ana mashine," alisema Restituta, na alisema kwa majivuno kana kwamba mtoto ni wake.

Mhudumu alitaka kuuliza zaidi, lakini ndani ya gari kulikuwa na mgonjwa aliyekuwa akilia, ikabidi liondoke. Gari likaenda, ndugu zangu, na nafasi ilikuwamo.

Anatory aliwakuta uani. "Shikamoo, mama Restituta. Habari za nyumbani?"

"Marahaba, daktari. Nzuri tu."

Mnajua desturi zetu. Mtu yuko hoi, lakini akiulizwa habari atasema nzuri. Isitoshe, mwanamke wa makamo hawezi kumweleza kijana aliyemwona akitambaa habari za tumbo lake na choo. Halafu kulikuwa na mashine, na waliamini kwamba mashine inaona. Kwa nini wajiaibishe kwa kusema jambo litakaloonekana lenyewe?

Restituta alilala kwanza. Anatory alimfunga waya, akawasha, akakunja uso. Namba iliyojitokeza ilikuwa kubwa mno, ya mwili usiopitisha umeme vizuri. Alizima, akawasha tena. Namba ileile.

"Betri imechoka," alinong'ona. Kisha akasema kwa sauti, "Tayari, mama. Nenda ukapumzike."

"Asante, daktari. Hata sasa nasikia mwili mwepesi," alisema Restituta. Akainuka akiyumba, akashika mgomba mmoja, akashika wa pili, akaenda zake.

Zamu ya Leonsia ilipofika, alikuwa haelewi tena yuko wapi. Mkeka ulizunguka. Aliona Anatory wawili, mmoja ameshika waya, mwingine amesimama nyuma yake, akashindwa kujua aliyemzaa ni yupi. Kiu ilimshika, lakini tangu utoto aliambiwa kwamba anayehara akinywa maji anazidi kuhara, basi hakuomba. Alimsikia mwanawe akiilaani betri. Akamwona akijifunga waya mwenyewe na kushangaa kwamba kwake mashine inasoma sawasawa. Hayo yote alidhani ni matibabu.

"Mbona kwangu ni nzima, kwa mama ni mbovu?" Anatory alijiuliza. Akachukua kitambaa chenye maji ili alowanishe ngozi ya mama yake, waya zishike vizuri. Ngozi ya mkono ikakunjika chini ya vidole vyake. Alipoachia, ikabaki imekunjika.

Akaangalia macho ya mama yake yaliyozama.

"Mama, unahara?"

"Si mashine imekwambia?"

"Tangu lini?"

"Mbona unaniuliza mimi, daktari?"

Hapo akaelewa. Mashine haikuwa mbovu hata kidogo; ilikuwa imemwambia ukweli mara zote, kwamba wanawake wote wawili wamekaukiwa maji mwilini. Alimpigia kelele Habonimana, Mrundi aliyekuwa akiwasaidia shambani: "Kimbia kwa Restituta! Mwambie anywe maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na sukari, nami nakuja!" Mwenyewe akachanganya maji hayo, akamnywesha mama yake kijiko kwa kijiko, huku majirani wakifunga machela. Chumvi na sukari ndizo zinazoyavuta maji kuingia mwilini. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote katika wilaya ile, maana ndilo somo lake.

Habonimana alirudi akitembea. Leonsia alimwona na hakuelewa kwa nini hakimbii.

"Nimemkuta mlangoni," alisema. "Ametutoka."

Leonsia alibebwa hadi kwenye hema la wagonjwa, akawekewa dripu, akapona. Akili ilipomrudia, swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Kumbe wewe si daktari?"

"Si wa kutibu, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema mara moja."

"Na mimi nilisema mara ngapi kwamba wewe ni daktari?" Mama akageukia ukuta wa turubai, akalia kilio kibaya.

Siku ya kumaliza matanga Anatory alisimama mbele ya watu wote, akaeleza yeye ni nani na mashine yake haifanyi nini. Watu walisikiliza, wengine wakiguna. Alipoketi, mzee Telesfori alimsogelea akamwambia taratibu, "Nimekusikia, daktari. Sasa nipime na mimi moyo."

Ni Leonsia aliyeinuka, bado miguu haina nguvu, akamshika mzee mkono, akaongozana naye kilima chote hadi barabarani, wakasimama pamoja kungoja lile gari la huduma ya afya. Njiani walipita mlango wa Restituta, na Leonsia hakuweza kuutazama.

MAFUNZO

Wewe uliyesoma, sema wazi unachokijua na usichokijua, tena ukirudie mpaka kieleweke. Ukinyamaza watu wakupe heshima isiyo yako, kuna atakayekufa akikuamini. Wewe mzazi, usimvike mtoto cheo ambacho hujakielewa kwa kuwa tu kinapendeza mbele ya majirani. Nasi sote, mtu akituuliza habari hali tunaumwa, tusijibu nzuri. Anayehara anyweshwe maji safi ya chumvi na sukari na apelekwe hospitali mara moja. Restituta alikuwa na nafasi ndani ya lile gari.